Kutoka Pangani Hadi Bweni kwa Njia ya Kompyuta

Mji wa Pangani uko ukingo wa kaskazini wa mto, na Bweni iko ng'ambo. Si mbali. Alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kelele zao, mtu akiita huku huitikiwa kule. Pana pantoni ya magari, na pana mashua za kuvusha watu na vikapu vyao. Maji yakijaa, bahari huingia mtoni na kuusukuma mto urudi ulikotoka. Yakipwa, mto hushuka na maji yake pamoja na yale yote ya chumvi yaliyoingia saa chache kabla, na hapo mkondo huwa mkali. Ndipo utakapomwona mvushaji akifanya jambo linalomshangaza mgeni: omo la mashua halielekezi Bweni. Hulielekeza juu, upande wa bara, kana kwamba abiria wamemwambia wanakwenda Korogwe. Mashua inakwenda kombo, mgeni anamtupia jicho mwenzake, wenyeji wanaendelea kuzozana juu ya bei ya nazi, na mwishowe chombo kinagusa mchanga palepale palipokusudiwa.

Nilimwuliza mvushaji mmoja amejuaje kiasi cha kupandisha omo. "Nimekosea mara nyingi, mwanangu," akanijibu, wala hakutania.

Mimi nimeliweka jibu lile moyoni kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya fani ambayo wengi wetu tumeiona kazi yake kwenye sinema bila kujua jina lake. Unajua unapotaka kufika. Unajua maji yanavyokwenda. Kinachotafutwa ni msukumo mdogo kuliko yote utakaokufikisha. Mwaka 2003 na 2004 watu wanne huko Marekani na Kanada waliifundisha kompyuta kufanya kazi ya mvushaji wa Pangani, ila badala ya mashua wakaelekeza moshi na maji yenyewe, yale ya kuigizwa ndani ya kompyuta. Njia iliyowafikisha hapo inapita vitani, inapita kwenye maabara ya mabomu, na mwisho wake inarudi kwenye mlango wetu wa bahari kati ya Saadani na Unguja.

Wazee wa pwani hii walikuwa na hesabu zao. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, kisha Kusi huchukua zamu. Jahazi la kutoka Tanga kwenda Pemba lilikuwa na mlango mpana wa bahari mbele yake wenye kina cha mamia ya mita, na mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, Kusi ikiuongezea kasi na Kaskazi ikiupunguza. Nahodha hakuwa na amri juu ya chochote katika hivyo. Alichokuwa nacho ni siku ya kung'oa nanga, usukani, na tanga. Upepo ukitoka kule aendako alipiga bisha, mara huku mara kule, hadi afike. (Mji wetu wa Tanga na kile kitambaa cha jahazi vina jina moja. Sijengi hoja juu ya hilo, lakini halinichoshi.)

Hesabu hizo zilitosha kwa maji, kwa sababu mwezi hauchelewi. Kwa upepo hazikutosha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuvuka hadi Bagamoyo. Sultani Barghash alizipoteza meli zake bandarini, na mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa kwa wingi mno. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Hakuna aliyejua kinakuja.

Na ajabu ni kwamba milinganyo ya upepo ule ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mfaransa Claude-Louis Navier, mhandisi wa madaraja, aliiandika mwaka 1822. Mwayalandi George Gabriel Stokes wa Cambridge akaiweka sawa mwaka 1845. Haisemi jambo kubwa. Inasema kila tone la maji na kila funda la hewa hutii sheria ileile ya jiwe lililorushwa: husukumwa na shinikizo, huvutwa na uzito wake, na huburutwa na jirani yake. Tatizo ni huyo jirani. Jiwe lina njia yake peke yake, lakini tone lina majirani, na majirani wana majirani, na kila mmoja anamvuta mwenzake wakati yeye mwenyewe anavutwa. Kwa kalamu na karatasi hesabu hiyo haimaliziki ila katika mifano michache mepesi ya darasani.

Mtu wa kwanza kujaribu kuimaliza kwa nguvu alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson, na alijaribu katika vita vilevile vilivyoikumba Tanga. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka Ras Kasone likashindwa na askari wa Mjerumani von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakaingia kati, kisa ambacho kila mtoto wa Tanga amesimuliwa. Richardson alikuwa Mkweka, mmoja wa watu ambao dini yao inawakataza kushika silaha, kwa hiyo akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa. Baina ya safari za majeruhi, akiwa amekaa juu ya rundo la majani makavu, alifanya utabiri wa hali ya hewa wa saa 6 kwa mkono. Alichukua siku iliyokwisha kupita, 20 Mei 1910, akaigawa anga ya Ulaya ya kati katika vyumba kama ubao wa bao, akaanza kuhesabu kutoka chumba hadi chumba. Maandishi yake yalipotea mwaka 1917 katikati ya mapigano na yakaja kuonekana miezi baadaye chini ya lundo la makaa ya mawe huko Ubelgiji.

Jibu lake lilikuwa la aibu. Hesabu ilisema shinikizo la hewa lingepanda kwa milibari 145 ndani ya saa 6, jambo ambalo dunia haijaliona. Siku ile halisi hewa ilikuwa imetulia. Richardson hakuificha aibu hiyo. Aliichapisha mwaka 1922 kama ilivyo, pamoja na ndoto yake ya ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakihesabu kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake cha dunia, na kiongozi katikati akiwamulika kwa taa waliotangulia na waliochelewa. Mimi humheshimu zaidi kwa kosa lile kuliko kwa ndoto hii. Milinganyo yake haikuwa na lawama. Lawama ilikuwa kwenye hali ya mwanzo: vipimo vya upepo na vya shinikizo alivyoanzia havikupatana, na tofauti ndogo pale mwanzoni ilivimba kadiri hesabu ilivyokwenda. Mvushaji aliyekosea mahali pa kuanzia hafiki Bweni hata kama anajua kupiga makasia.

Mwaka 1950 ule ukumbi wa watu 64,000 ulipata mrithi wa chuma. Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann waliitumia ENIAC, kompyuta ya jeshi la Marekani, kutabiri saa 24 za anga. Kazi ilichukua takriban saa 24, yaani utabiri ulifika mlangoni pamoja na hali ya hewa yenyewe. Miaka 15 baadaye, katika maabara ya Los Alamos iliyotengeneza bomu la atomiki, Francis Harlow na J. Eddie Welch walichapisha namna ya kuhesabu maji yenye uso, yale yanayomwagika na kurukaruka: gawa nafasi katika vyumba vya gridi, kisha tupia humo chembe za alama zinazokwenda na maji, ili ujue chumba kipi kina maji na kipi kikavu. Mpaka leo mawimbi mengi ya sinema ni wajukuu wa zile chembe.

Sinema zenyewe zilichelewa kufika. Mwaka 1996 Nick Foster na Dimitris Metaxas walizichukua hesabu za Harlow wakazileta kwa watu wa picha za kompyuta. Lakini palikuwa na kero moja iliyomfanya kila fundi ang'oe nywele: ukipiga hatua ndefu za muda, hesabu hulipuka. Namba hukua, moshi hurushwa pande zote kama unga uliopulizwa na feni, na kazi ya usiku kucha inakwenda na maji.

Aliyeiondoa kero hiyo ni Jos Stam, mzaliwa wa Uholanzi aliyesomea Toronto. Katika mkutano wa picha za kompyuta uitwao SIGGRAPH, mwaka 1999, Los Angeles, alionyesha hila ambayo ukishaambiwa unajiuliza kwa nini hukuifikiria. Wenzake walikuwa wakiuliza: hewa iliyo katika chumba hiki itakwenda wapi? Yeye akageuza swali: hewa iliyopo hapa sasa, imetoka wapi? Ni kama kumpokea mgeni mlangoni na kumwuliza atokako, badala ya kumfukuzia njiani ukibashiri aendako. Ukirudi nyuma kidogo kwenye njia ya upepo, utaikuta hewa iliyokuwepo, utachukua thamani yake na kuileta. Kwa kuwa unachukua kilichopo tu, huwezi kupata kikubwa kuliko kilichokuwepo, na hesabu hailipuki hata ukipiga hatua ndefu kiasi gani. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wakiijua hila hii zamani. Ina gharama yake: viringe vidogo vya moshi hufifia mapema kuliko inavyopasa. Watu wa sinema waliikubali gharama hiyo bila kusita.

Basi sasa kompyuta iliweza kuigiza moshi wa kweli, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, maana mwongozaji wa sinema hataki moshi wa kweli.

Chukua chetezo. Sebuleni Tanga, jioni, udi umewekwa juu ya kaa, na uzi wa moshi unapanda wima kiasi cha shubiri mbili, kisha unayumba, unajikunja, unapotea darini. Huo ni moshi wa Navier na Stokes. Sasa mwongozaji anakuja anasema: nataka moshi huu, ukifika sekunde ya pili, uwe jahazi lenye tanga, likae hivyo kufumba na kufumbua, kisha liwe moshi tena. Na mtazamaji asione mkono wa mtu. Sinema ina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo agizo lake ni kwamba fremu ya 48 iwe jahazi. Ukilichora jahazi tu na kulipaka rangi ya moshi, kila mtu ataona uongo, kwa sababu jicho la binadamu limetazama moshi tangu jiko la kwanza. Ukiuacha moshi ujiendee, hautakuwa jahazi hata ungoje hadi Kiyama.

Fundi wa zamani aliweka feni za kuigiza humo ndani ya kompyuta. Moja huku, moja kule. Akaiacha mashine ihesabu usiku. Asubuhi jahazi limekosa omo. Akaisogeza feni, akangoja tena, na safari hii tanga likaenda upande. Hiyo ndiyo "nimekosea mara nyingi" ya mvushaji wetu, ila mvushaji anavuka mara kadhaa kwa siku, na fundi alikuwa na kosa moja kwa usiku.

Fikra ya kuiachia kompyuta yenyewe itafute misukumo ilikuwepo. Mwaka 1988 Andrew Witkin na Michael Kass waliifanya taa ya mezani iruke: wakaiambia inaanzia wapi, inatua wapi, na kwamba itumie nguvu kidogo iwezekanavyo, na taa "ikajifunza" kuchutama kabla ya kuruka, kama kiumbe chenye misuli. Lakini taa ina viungo vichache. Moshi ulio katika gridi ya vyumba 50 kwa 50 kwa 50 una vyumba 125,000, na kila kimoja kina upepo wake.

Waliothubutu ni Adrien Treuille, Antoine McNamara na Zoran Popović wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, pamoja na Stam. Mwaka 2003 walikuja na mpango wa aina hii. Weka ndani ya moshi misukumo ya upepo na ya kisulisuli ambayo ukubwa wake haujulikani. Endesha uigaji. Ukifika fremu ya agizo, piga hesabu ya madeni mawili: moshi umekosana na jahazi kwa kiasi gani, na misukumo yote kwa jumla imetumia nguvu kiasi gani. Jumlisha madeni. Kazi ya kompyuta ni kuzibadili nguvu zile hadi deni liwe dogo kuliko yote. Deni la pili ndilo linaloficha mkono wa mtu: bila hilo, kompyuta ingeupiga moshi vibao hadi uingie kwenye umbo, na mtazamaji angeona vibao.

Pana kitu kidogo katika kazi ile ninachokipenda kuliko vingine. Kama moshi uko kushoto na jahazi linatakiwa kulia, na havigusani hata kidogo, kulinganisha chumba kwa chumba hakusaidii: ukiusogeza moshi hatua moja kwenda kulia bado hauko kwenye jahazi, deni ni lilelile, na kompyuta haijui kama imekosea au imepatia. Wao wakaitia ukungu picha ya moshi na picha ya jahazi kabla ya kuzilinganisha. Ukungu wa jahazi ukaenea hadi ukaugusa ukungu wa moshi, na mahali hapo pakawa na dalili ya njia. Anayerudi nyumbani gizani hufanya hivyo na harufu ya udi: mlango hauoni, lakini anajua uko upande gani.

Kilichobaki ni gharama. Ili ujue kila msukumo ubadilishwe vipi, ni lazima ujue kila mmoja umechangia kiasi gani katika deni, na njia yao ya 2003 iliubeba mchango wa kila msukumo, mmojammoja, kutoka mwanzo wa uigaji hadi mwisho. Tuseme uigaji mmoja ni dakika 10 na misukumo ni 1,000. Ukibeba mchango wa kila mmoja kwa gharama kama ya uigaji mmoja, hiyo ni karibu wiki nzima ya mashine kwa ajili ya kujua tu uelekee wapi katika hatua ya kwanza. Na hatua ni nyingi.

Mwaka uliofuata, watu walewale wanne walirudi na dawa. Wanahisabati huiita ajointi. Mimi huielewa kama kesi ya baraza.

Mzigo umefika Bweni umelowa. Kuna njia mbili za kutafuta aliyesababisha. Ya kwanza: mchukue kila mtu aliyeugusa tangu shambani, rudia safari nzima yeye tu akiwa amebadilisha kidogo alivyofanya, uone kama mzigo utafika mkavu. Watu elfu, safari elfu. Ya pili: keti Bweni na mzigo uliolowa, uanze na wa mwisho. Wewe uliyeupokea, umeupokea ukiwa vipi, na ulipokuwa mikononi mwako umeongezeka maji kiasi gani? Lawama iliyobaki inarudishwa kwa aliyempa, na yeye anaulizwa vilevile, na kuendelea hadi shambani. Baraza limekaa mara moja, na kila mtu ametoka na fungu lake la lawama, awe ni mmoja kati ya watu 10 au wa watu 10,000.

Ndivyo ajointi inavyofanya. Uigaji unakwenda mbele mara moja, fremu ya kwanza hadi ya 48. Kisha lawama inarudi nyuma, ya 48 hadi ya kwanza, kwa gharama inayokaribia ile ya kwenda, na ikifika mwanzo kila msukumo umejua ulichokosea. Sharti lake ni kumbukumbu: baraza haliwezi kuuliza kama hakuna aliyeandika, na kompyuta inalazimika kuihifadhi hali ya moshi ya kila hatua, jambo linalokula nafasi kwelikweli. Lakini misukumo ikapata ruhusa ya kuwa maelfu, na kilichokuwa cha moshi tu kikawezekana kwa maji pia.

Walioibuni njia ya kurudi nyuma si watu wa picha. Lev Pontryagin na wenzake katika Muungano wa Kisovieti waliishughulikia kwa ajili ya vyombo vya kuelekezwa tangu 1956. Mfaransa Jacques-Louis Lions akaiandikia kitabu kizima mwaka 1968. Kisha wakaja watabiri wa hali ya hewa. François-Xavier Le Dimet na Olivier Talagrand walionyesha mwaka 1986 kwamba aibu ya Richardson ina tiba hiyohiyo. Usivichukue vipimo vya asubuhi kama vilivyo. Endesha anga ya kuigiza kwa saa kadhaa, ilinganishe na vipimo vyote vilivyopatikana katika saa hizo, rudisha lawama nyuma hadi saa ya kwanza, urekebishe hali ya mwanzo, uanze upya. Kituo cha Ulaya cha utabiri kilianza kuitumia kazini tarehe 25 Novemba 1997, miaka 7 kabla ya ajointi ya Seattle. Mtabiri anatafuta hali ya mwanzo itakayolingana na kilichotokea; mtu wa sinema anatafuta misukumo itakayolingana na kile anachotamani kitokee. Baraza ni moja.

Hali ya mwanzo inanirudisha mkoani kwetu, milimani. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa, akaona akisubiri maziwa yapoe ataikosa, akayatia yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakamcheka, Osborne akaenda kupima. Wawili hao walichapisha mwaka 1969, na dunia inabishana hadi leo: wapo waliopima tena kwa makini wasilione jambo lenyewe. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachokiona ni kwamba mtoto wa Magamba aliuliza swali la wale wakubwa: vyungu viwili vyenye milinganyo ileile na mwanzo tofauti, kwa nini vifike kwa zamu isiyotarajiwa? Maji hukumbuka yalikoanzia, angalau kwa muda.

Uigaji umefika hata baharini kwetu. Mwaka 2015 Javier Zavala-Garay na wenzake, miongoni mwao Yohanna Shaghude wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, walichapisha kazi juu ya mlango wa Zanzibar, ule ulio kati ya Unguja na pwani ya Bagamoyo hadi Saadani: urefu kama kilomita 100, upana 40, kina kama mita 40. Waliutia kwenye programu ya kuigiza bahari iitwayo ROMS na kulinganisha na vipimo. Walichokikuta kinafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila anayetaka kuelekeza maji. Kati ya nishati yote ya mwendo iliyomo mlangoni mle, asilimia 92 ni ya kujaa na kupwa. Mkondo mkubwa wa pwani unachangia 5, na upepo 3. Hata hivyo, maji yanayouhama mlango na kwenda zake yanachukuliwa hasa na ule mkondo na ule upepo. Kujaa na kupwa hutikisa sana, kisha hurudisha kila kitu karibu na kilipokuwa. Hizo asilimia 8 zinasukuma kidogo, upande mmoja, siku baada ya siku. Kompyuta ya Seattle ilipoachiwa itafute njia ya bei nafuu ya kuuelekeza moshi, ilikuwa inaitafuta misukumo ya aina hiyo.

ROMS ina pia toleo lake la kurudi nyuma. Kazi ile ya mlango wa Zanzibar ilikuwa ya kwenda mbele.

Utabiri unaopita katika baraza la ajointi ni sehemu ya maisha yetu sasa, hata kwa asiyejua. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilizaliwa baharini mashariki ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza kabla hakijafika. Boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Na tarehe 4 Mei kikaingia Mafia, kikapoteza nguvu. Uharibifu ulikuwepo. Lakini safari hii manahodha walikuwa wameonywa, si kama wale wa meli za Barghash.

Huko kwenye picha kazi imeendelea. Mwaka 2020 Philipp Holl, Vladlen Koltun na Nils Thuerey walionyesha mitandao ya neva ikijifunza kuelekeza vitu vinavyotiririka kwa kupewa uigaji unaoweza kurudisha lawama nyuma. Na mitandao ya neva yenyewe, hata ile inayotafsiri na kuchora na kujibu maswali katika simu zetu, hufunzwa kwa mwendo uleule: mbele mara moja, kisha lawama nyuma.

Sasa neno langu kwa vijana wa Tanga, Pangani na Mkinga wanaosoma kompyuta. Mwaka 2003 Stam alichapisha uigaji wake katika mistari kama 100 ya lugha ya C, kwa ajili ya michezo ya video, na unaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya chuo. ROMS nayo haiuzwi. Mdomo wa mto Pangani, pamoja na mvushaji wake na Bweni yake, unaweza kuingia humo. Kitakachokwamisha ni vipimo, kwa sababu baraza bila ushahidi halina la kuamua. Anzeni na ubao wenye alama za sentimita kwenye gati, saa ya mkononi, na daftari: maji yamefika wapi, saa ngapi, kila nusu saa, tangu bamvua moja hadi bamvua ifuatayo.